Mbuzi Aliyemeza Katiba ya Mfongo

SEHEMU YA SABA

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma: tulimwacha Melkior ameshika kisu, Margareta ameshika mkia, na katikati yao mbuzi anajiuliza ni yupi kati ya hao wawili anayempenda.

Kisu kilikuwa kimenolewa. Mkia ulikuwa unateleza.

"Achia, mama," Melkior alisema.

"Achia wewe kwanza."

"Mimi ndiye mwenye kisu."

"Ndiyo maana nakwambia uanze wewe. Mkia haujawahi kumkata mtu."

Wakavutana. Mbuzi akarefuka kidogo. Miwani ya Margareta ikamtoka puani, ikaangukia kwenye maganda ya ndizi, na Melkior, alipokuwa anarudi nyuma kujipanga, akaikanyaga kwa buti la mvua. Ikalia kama chawa chini ya ukucha.

Kuanzia hapo Margareta aliwatambua watu kwa sauti na kwa harufu. Melkior hakuwa mgumu kumtambua kwa vyote viwili.

Mbuzi mwenyewe anaitwa Mheshimiwa. Jina alilipata utotoni, kwa sababu anakula bila kulima na anasinzia wenzake wakiongea. Ni ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima mezani pa maharusi. Miezi tisa amekaa ndani ya nyumba, analishwa kwa mkono maganda ya ndizi na magadi kidogo ya kuchangamsha ulimi, mpaka mgongo umekuwa godoro.

Aliyemchagua ni marehemu mume wa Margareta. Alimleta nyumbani akiwa kitoto, amemfunika ndani ya koti, akasema, "Huyu ni wa harusi ya Kindness." Wiki tatu baadaye koti likabaki bila mwenyewe.

Kindness ni mjukuu wao. Harusi ni Jumamosi. Na siku hii ya mvutano wa mkia ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, huku Uru juu.

Usiniambie wanunue mbuzi mwingine. Mbuzi wa sokoni unahesabu mbavu zake ukiwa ng'ambo ya barabara. Halafu kuna Elinipendo wa Bomang'ombe, shangazi yake bwana harusi, ambaye alikwishakuja mara moja kumpapasa Mheshimiwa mgongoni. Akatamka mbele ya mashahidi kwamba kumbe Wakatoliki nao wanajua kufuga. Sifa kama hiyo kutoka kwa Mlutheri haipatikani mara mbili.

Sasa kosa la Mheshimiwa. Amekula Katiba.

Si ile ya nchi, tulia. Hii ni Katiba ya mfongo, mfereji wetu unaoteremsha maji ya mlima mpaka kwenye migomba. Aliiandika mzee Ildefonce, ambaye miaka ishirini na sita alipitisha chai bungeni Dodoma. Aliporudi akasema hawezi kuona maji yanaongozwa kwa makelele. Akatugawa kama taifa lilivyogawanywa.

Melkior, mwenyekiti, akawa Serikali: anafungua maji na kuyafunga. Akina mama kumi na wawili wa Baraza wakawa Bunge: wanatunga sheria za zamu, na Margareta ndiye Spika wao. Wazee watatu chini ya mzee Sirili wakawa Mahakama.

Yote yakaandikwa kwenye daftari moja, likakaa kabatini kwa Spika. Nakala moja tu. Melkior alikataa kabisa lipelekwe mjini kutolewa kopi. "Maji yetu, siri yetu," alisema.

Na kifungu cha tisa kilisema mwenyekiti anakaa vipindi viwili, kisha anampisha mwenzake. Cha pili cha Melkior kinakwisha mwisho wa mwezi huu.

Umeanza kunusa kitu? Margareta naye alikuwa ameanza. Mheshimiwa hali karatasi. Alishapewa kalenda ya parokia akaigeuzia mkia. Hata gazeti hili alilinusa tu, akaenda kulala.

Turudi kwenye kisu.

"Sikilizeni nyote," Melkior aliwatangazia majirani waliokwisha kujipanga kwenye ua wa masale. "Kwa kuwa Katiba imeliwa, sheria hakuna. Kwa kuwa sheria hakuna, natunga mimi: mla Katiba naye aliwe. Kwa kuwa nimetunga, nahukumu mimi: huyu ana hatia. Kwa kuwa nimehukumu, nachinja mimi."

"Na nyama atagawa nani?" Margareta aliuliza kwa upole mno.

"Mimi."

"Na wa kwanza kuchagua?"

"Mimi. Nataka kidari."

Hapo alikosea.

Ua mzima uliguna. Kwetu huku nyama ya ukoo ina njia zake. Kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, shingo ina mjomba wake anaisubiri toka Pasaka. Anayechinja hagawi. Anayegawa hachagui mpaka wote wamepata. Mtu akisogeza mpaka wa shamba hatua moja, watu watanuna kisha watasahau. Lakini mtu aliyechinja, akagawa, akachagua mwenyewe, huyo anasemwa mpaka kwenye matanga yake, tena na wapishi.

"Anayechinja hagawi," alisema mmoja kwenye ua.

"Anayegawa hachagui," akajibu mwingine.

"Ndivyo ilivyo hata Dodoma," ikasema sauti ya tatu.

Alikuwa Ildefonce. Huyu mzee hata leo anatembea mkono mmoja umekunjwa kifuani kana kwamba ameshika sinia. "Bunge linatunga, halishiki kisu. Serikali inashika kisu, haihukumu. Mahakama inahukumu, lakini haiwezi kuinuka ikajitungia sheria njaa ikiiuma. Mimi nimeingia na chai kwenye milango yote hiyo."

"Acha porojo," Melkior alisema. "Mawaziri si wanakaa humo humo bungeni? Mguu mmoja serikalini, mguu mmoja kwa watunga sheria. Huko mbona hamsemi?"

"Wanakaa, ndiyo. Na humo humo wanaulizwa maswali mbele ya nchi nzima mpaka chai inapoa. Kugawana madaraka si kununiana, Melkior. Ni kama wake wenza. Jiko moja, vyungu mbalimbali, na kila mmoja anaonja mchuzi wa mwenzake asije akatiliwa kitu."

Akina mama wawili watatu walikohoa. Walikuwa na kumbukumbu zao.

"Basi twende kwa wazee," Margareta alisema, bado yuko mkiani.

Melkior akafikiri. Halafu akacheka, akachomeka kisu kiunoni. "Twende. Sirili nilimteua mimi. Ataniangusha?"

Mahakama ilikaa pale pale uani, katikati ya kihamba, shamba la nyumbani la Margareta, kwenye kreti tatu za soda zilizopinduliwa. Mzee Sirili alikaa katikati. Ana masikio makubwa na maneno machache, na ni mdogo wake marehemu mume wa Margareta.

Mheshimiwa, kamba ilipolegezwa na alipoona watu wote wanakaa, akaruka juu ya kichanja cha kuanikia kahawa akasimama juu ya vichwa vya wote. Hakuna aliyeshangaa.

Melkior alikuwa ametuma ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Akachota kata ya kwanza mwenyewe, akampelekea Sirili kwa mikono miwili. Sirili akanywa yote bila kupumua. Akafuta midomo.

"Nzuri. Ulezi haukukosewa. Haya, semeni."

"Mimi nilidhani tumeshaelewana," Melkior alinong'ona.

"Umeniletea kinywaji. Hoja bado hujaleta."

"Sirili, kumbuka ni mimi niliyekuteua."

"Nakumbuka. Ulivaa suti. Na kunitoa, unatoaje?"

Melkior akamtazama Ildefonce. Ildefonce akatikisa kichwa. "Hata Rais, jaji anamteua, lakini hamtoi kwa sababu ameamka na hasira. Mpaka iundwe tume, na majaji wawemo, wachunguze, waseme. Ukiwa na hasira unakunywa maji."

Kesi ikaanza. Melkior alisimama, akasema maneno yake tena, ila kwa sauti kubwa zaidi: Katiba haipo, kwa hiyo mipaka haipo, kwa hiyo yeye yupo.

"Mama Spika," Sirili akasema.

Margareta alivuta kanga yake begani. "Wazee wangu, mimi darasa la saba niliishia, na la saba lenyewe nilirudia. Lakini najua kitu kikiliwa hakipotei. Kinakuwa ndani ya aliyekila. Mtori mlioutia tumboni asubuhi, umepotea? Basi Katiba haijapotea. Imo ndani yake huyu hapa."

Akanyoosha kidole.

"Mama, huyo ni mimi," Ildefonce alisema.

Akakisogeza kidole kushoto, juu, kikampata mbuzi.

"Mwandishi mwenyewe yupo," alisema mzee mwingine wa kreti. "Ildefonce, si utuandikie tena ile ile?"

Ildefonce akashusha pumzi. "Wazee, naweza kuwatajia kila mbunge na vijiko vyake vya sukari. Lakini vifungu... Cha tisa nakumbuka kilikuwa kirefu kidogo."

"Na kumbukumbu haina muhuri," Melkior akadakia.

Wazee wakainamisha vichwa pamoja. Masikio ya Sirili yaliwafunika wenzake. Watu wakasubiri. Mheshimiwa akadondosha vidonge vichache kwenye kahawa ya daraja la kwanza.

Sirili akainuka.

"Mahakama imeona hivi. Katiba haikufutwa. Imehama makazi. Haikuwa kosa la nyumba kuhamiwa, kwa hiyo mbuzi hana hatia. Tena kuanzia sasa, yeyote mwenye Katiba tumboni hachinjwi, hachomwi, hauzwi, wala hatoki kwenye kihamba hiki."

Ua ukalipuka. Akina mama walipiga vigelegele, Melkior akarusha kisu chake ardhini kikajichoma kwenye kidole cha buti, bahati nzuri pale vidole vyake visipofika. Margareta akaanza kucheza. Alicheza na mtu aliyedhani ni jirani yake Mary, kumbe ni nguzo ya kichanja.

Wakati huo Kindness akawa anapanda kutoka barabarani, ametoka Moshi mjini na kucha mpya za harusi. Alikuwa na swali la haraka, na kwa kuwa lilikuwa la haraka ilimbidi kwanza atoe shikamoo kumi na tatu. Alipopokea marahaba ya mwisho akauliza.

"Bibi. Nimesikia hachinjwi."

"Hachinjwi, mjukuu wangu. Tumeshinda."

"Na Jumamosi je?"

Margareta akaacha kucheza.

Wakaacha wote.

"Shemeji," Margareta alisema.

"Shemeji yuko nyumbani kwake," Sirili alijibu. "Hapa ipo Mahakama."

"Ipunguze kidogo hiyo hukumu. Sema Melkior asimchinje. Mimi nimchinje."

"Mama, sheria ikimshika huyu ikamwachia yule, hiyo si sheria. Huo ni ugomvi."

"Mimi ndiye niliyeshinda kesi."

"Ndiyo. Umeshinda hukumu, nayo inakuhusu."

Margareta akatafuta pa kukaa. Akapapasa, akampata mtu, akamwacha, akakalia gunia. Miezi tisa ya maganda ya ndizi ilimpita machoni, na machoni penyewe hakuwa na cha kuonea. Aliliona lile koti la mume wake, na kichwa kidogo cha mbuzi kikichungulia kwenye kifungo cha pili.

"Hakuna njia?" aliuliza.

"Ipo. Baraza lenu litunge Katiba nyingine. Theluthi mbili, yaani mikono minane kati ya kumi na miwili. Kisha mwenyekiti asaini. Hapo iliyomo tumboni inakuwa chakula kama chakula kingine, na mbuzi anarudi kuwa mbuzi."

"Mwenyekiti asaini," Melkior alirudia taratibu.

Alivua kofia yake kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaiweka gotini, akaipangusa. Msomaji, ukimwona mwanaume anaipangusa kofia yake namna ile, shika mkoba wako.

"Nalikutanisha Baraza sasa hivi," Margareta alisema. "Tunaandika ile ile ya zamani, na kifungu cha tisa mahali pake."

"Andikeni," alisema Melkior. "Mimi sisaini."

"Tutaipitisha tena."

"Nitalivunja Baraza."

Ildefonce akakohoa kile kikohozi cha mtu anayeingia na sinia. "Livunje. Lakini ujue: Rais akilivunja Bunge, na kiti chake kinakwenda kwa wapiga kura siku hiyo hiyo. Ndiyo kamba waliyomfungia waandishi wa Katiba. Akimwaga chai ya Bunge anamwaga na yake."

Melkior akaipangusa kofia tena. "Nilikuwa natania."

"Tulijua," Margareta alisema.

"Basi tuongee kama watu wazima, mama. Wewe una harusi, mimi nina kalamu. Kifungu cha tisa kisirudi. Kila kitu kingine kirudi kama kilivyokuwa, na leo leo nasaini. Mbuzi wako kwako, kiti changu kwangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

"Na wewe unachokaga?"

"Sijawahi kujaribu."

Muswada ukaandikwa na Ildefonce juu ya mgongo wa kadi ya mchango wa harusi, kwa kuwa karatasi nyingine haikuwapo. Tabitha, dada yake Melkior ambaye ndiye katibu wa Baraza, akasimama kuhesabu.

"Wanaokubali, mkono juu."

Minne ilipanda kabla hajamaliza: wa Tabitha mwenyewe, wa mke wa Melkior, wa mkwewe na wa shemejiye. Kisha mitatu ikafuata polepole, kwa aibu. Hao walishashona sare za harusi.

Saba.

Akina mama wanne walikalia mikono yao. Waliikalia kabisa, makalio juu yake, isije ikafanya la kwake.

Ukabaki wa Margareta.

"Bibi," Kindness alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usinitazame mimi."

"Sikuoni hata."

Lakini aliona mengine. Kiangazi kilichopita, Melkior alimfungia maji mjane mmoja wa kule bondeni wiki tatu, kisa mbwa wake alimbwekea. Migomba ya yule mama ikalala chini kama walevi. Ni Baraza lililokaa, likatunga sheria kwamba mbwa si sababu, na Sirili akamwamuru Melkior afungue, naye akafungua huku analia kwa hasira. Mtu asiye na mwisho, nani atamfungulisha?

Na Jumamosi, meza ya maharusi tupu, na Elinipendo wa Bomang'ombe anatabasamu.

Juu ya kichanja, Mheshimiwa alikuwa amechoka na siasa. Akafanya kile afanyacho kila mbuzi aliyeshiba. Akavuta shingo, kitu kikapanda kooni kama lifti, akaanza kucheua.

"Mama yangu," alisema mtu. "Inarudi."

Pembeni ya midomo ya Mheshimiwa ilikuwa imening'inia karatasi. Kipande kizima, kikubwa kama kiganja, chenye mistari.

"Asiguse mtu," Sirili akasema, amesimama. "Katiba inacheuliwa."

Margareta alikuwa chini ya kichanja. Hakuona mbuzi. Aliona wingu, na ndani ya wingu kitu cheupe kinachobembea. Akakumbuka ile kalenda ya parokia. Huyu hali karatasi. Nani alimpa?

Akainuka kwenye gunia, akarusha mkono juu, akakamata, akavuta.

Ikaja. Ilikuwa ya moto, imelowa, ya kijani pembeni. Akaisogeza mpaka puani. Ilinuka tumbo la mbuzi, na chini ya tumbo la mbuzi ilinuka magadi. Mtu alikuwa ameipaka.

"Anasoma," wakanong'onezana kwenye ua.

Melkior aliruka kutoka alipokaa. Umri wake ni miaka sitini na mbili lakini aliruka kama wa kumi na nane. Akanyakua karatasi, akaitia mdomoni, akatafuna mara mbili, akadaka kata ya mbege na kuisukumia ndani.

Gulp.

Mheshimiwa alimwangalia kwa dharau. Hata yeye alikuwa hajaimeza kwa haraka hivyo.

"Nane," Tabitha alisema.

Watu wakageuka. "Nane nini?"

"Mikono. Wa Spika ulikuwa juu. Nimehesabu nane. Muswada umepita."

"Nilikuwa navuta karatasi," Margareta alisema.

"Sheria inataka mkono uwe juu. Haisemi ukiwa huko uwe unafanya nini."

Ildefonce akafumba macho. Wale wanne wakaivuta mikono yao kutoka chini, wakaitazama kama mikono ya watu wengine. Melkior akajipangusa sharubu.

"Nipeni kalamu."

"Apewe kalamu," Sirili alisema. "Na kamba."

"Kamba ya nini?"

"Hukumu ya Mahakama haijafutwa mpaka usaini. Yeyote mwenye Katiba tumboni hachinjwi, hachomwi, hauzwi, wala hatoki kwenye kihamba hiki. Mahakama haikusema awe na miguu mingapi."

Melkior akataka kubisha. Lakini kalamu ilikuwa tayari mkononi, na sahihi moja tu ingemfungua yeye, mbuzi, na kiti. Akakubali kukaa. Wakamfunga kiunoni kwenye nguzo ya kichanja, kamba ndefu kiasi, karibu na Mheshimiwa. Mtu mwenye huruma akamwekea ganda la ndizi.

"Hodi hapa."

Ilikuwa sauti ya Elinipendo wa Bomang'ombe, amevaa kofia ya kanisani siku ya Alhamisi.

"Karibu, mkwe," Margareta alisema, akigeukia sauti.

"Nimepita kumpapasa wetu mara ya mwisho. Samahani, naona mna kikao." Akaenda kwenye kichanja, akaweka kiganja mgongoni mwa Mheshimiwa, akabonyeza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kazi kamili, akainama akabonyeza mgongo wa Melkior.

"Huyu bado," alisema. "Mwongezeeni maganda."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kindness alijaribu kutothubutu akashindwa, ikabidi ajifiche nyuma ya ndoo.

Melkior akaitandaza kadi ya mchango gotini. Akaitia kalamu ulimi ili wino utoke. Ncha ikagusa karatasi. Ikaanza kuchora mguu wa kwanza wa herufi M.

"Melkior," Margareta alisema.

"Nini tena?"

"Maliza tu. Nilitaka kukwambia kwamba ile karatasi niliisoma."

Ncha ikasimama.

"Hukuisoma."

"Nimeisoma yote. Mpaka yale ya pembeni, yaliyoandikwa kwa mkono mwingine."

Wewe na mimi tunajua miwani ya Margareta iko wapi: imo ndani ya matope, vipande vinne, chini ya alama ya buti. Kwake ile karatasi ilikuwa wingu lenye sisimizi. Pengine pembeni kulikuwa na maandishi. Pengine ilikuwa nyasi.

Lakini uso wa Melkior ukabadilika rangi, ukawa kama ndizi iliyosahauliwa kwenye mvuke. Kalamu ikamponyoka, ikabingirika mpaka kwenye kwato za Mheshimiwa.

"Mama Margareta," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefungwa nguzo moja na mbuzi. "Nakuomba. Usiwasomee hapa."

Sirili akakaa tena kwenye kreti yake, akasogeza masikio. Elinipendo akatafuta kiti. Na Margareta, ambaye wakati ule angetoa hata kidari cha Jumamosi ili ajue karatasi ile ilisema nini, akakunja mikono kifuani na kutabasamu kama mtu aliyekariri kila mstari.

"Basi waambie wewe mwenyewe, Melkior," alisema. "Ukikosea mahali, nitakusahihisha."